Mgeni Aliyepewa Jembe, Akanyimwa Nyumba



Wahenga wetu walituachia usemi kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huutumia usemi huu kwa mzaha, pale shemeji anapokaa kupita siku alizoziahidi. Lakini tukiupima vizuri, twaona kuwa ndani yake mna mapatano ya haki baina ya pande mbili. Mgeni akiisha kushika jembe, si mgeni tena. Amekuwa mtu wa nyumbani, mwenye sehemu yake katika chungu na mahali pake pa kulala. Juma hili napenda tutazame habari za watu waliolishika jembe, wakalilima shamba la mwenyeji hata likazaa, na baada ya hayo wakaambiwa kwamba nyumbani si kwao. Watu hao ni Wachina waliohamia Marekani katika karne ya 19.

Yamkini msomaji atauliza habari hizi zinaingiaje katika ukurasa wa mambo ya nyumbani. Zinaingia kwa sababu silaha kubwa iliyotumiwa dhidi ya watu hawa haikuwa bunduki wala moto, ingawa vyote viwili vilitumika. Silaha kubwa ilikuwa ni kuwazuia wasiwe na nyumba: wasilete mke, wasizae watoto wa kurithi mahali pao, na watoto wachache waliozaliwa wasipokewe shuleni.

Wengi wa wahamiaji hao walitoka jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Nchi yao ilikuwa imepigwa na misiba mfululizo. Vita vya Afyuni vya mwaka 1839 hadi 1842 viliivunja nguvu serikali yao, na uasi mkubwa wa Taiping wa mwaka 1850 hadi 1864 uliwaua mamilioni ya watu. Mashamba yalikuwa madogo na vinywa vya kulisha vilikuwa vingi. Mwezi Januari 1848 dhahabu iligunduliwa mahali paitwapo Coloma, katika California. Habari zilipowafikia wavulana wa Guangdong, waliiita nchi hiyo Mlima wa Dhahabu. Mwaka 1852 peke yake Wachina wapatao 20,000 waliteremka katika bandari ya San Francisco. Wengi walikuwa wamesafiri kwa nauli ya mkopo, na iliwapasa kuilipa kwa jasho lao wenyewe.

Mwenyeji hakuchelewa kuwapa jembe, wala hakuchelewa kuwatoza kwa kulishika. Mwaka huo huo wa 1852 California iliweka kodi ya dola 3 kwa mwezi juu ya kila mchimbaji mgeni, na mwaka uliofuata ikawa dola 4. Sheria ilisema tu “mgeni”, lakini uzito wake uliwaangukia Wachina kuliko wote, kwani tangu mwaka 1790 sheria ya Marekani ilikuwa imewaruhusu Wazungu tu kuomba uraia. Hivyo Mchina aliitwa mgeni leo, na angeitwa mgeni hata baada ya miaka 30. Mwaka 1854 mahakama ya juu ya California iliongeza pigo jingine: iliamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu. Kesi yenyewe ilimhusu Mzungu aliyehukumiwa kwa kumwua mchimbaji wa Kichina, na kwa uamuzi ule hukumu yake ikafutwa. Mtu ambaye ushahidi wake haukubaliwi anaweza kuibiwa mchana kweupe, na Wachina wengi waliibiwa hivyo.

Kisha ikaja kazi ya reli. Kampuni ya Central Pacific ilitaka kujenga njia kutoka California kuelekea mashariki, ipite katika milima ya Sierra Nevada. Mwaka 1865 kampuni ilijaribu kuajiri Wachina 50 hivi. Walifanya kazi vizuri, ikaajiri wengine, hata wakawa maelfu kwa maelfu na wengi kupita wafanyakazi wote wengine wa kampuni hiyo. Kwa nyundo, tindo na baruti walitoboa njia ndani ya mwamba mgumu. Handaki moja la kileleni lina urefu wa zaidi ya mita 500. Katika majira ya baridi wengine walifunikwa na maporomoko ya theluji, na maiti zao zikaonekana theluji ilipoyeyuka. Kampuni haikuweka hesabu ya Wachina waliokufa.

Hapa pana jambo ambalo akina mama watalifurahia. Wachina walikuwa na wapishi wao, wakala wali, samaki wakavu na mboga. Siku nzima walinywa chai, na chai ni maji yaliyochemshwa. Wenzao waliokunywa maji ya vijito hivi hivi waliugua tumbo la kuhara mara nyingi zaidi. Jambo hilo dogo la jikoni liliwaweka watu hai na kazini. Hata hivyo wafanyakazi wa Kizungu walipewa chakula na malazi juu ya mshahara wao, ilhali Wachina walijilisha wenyewe. Mwezi Juni 1867 maelfu yao waligoma kwa utulivu, wakidai mshahara sawa na saa chache zaidi za kazi. Kampuni ilizuia shehena za chakula kuwafikia kambini, na baada ya juma moja hivi njaa ikawarudisha kazini. Tarehe 10 Mei 1869 reli ya mashariki na ile ya magharibi zilikutana huko Promontory, Utah. Safari ya kuvuka nchi iliyokuwa ya miezi ikawa ya juma moja.

Shamba limelimwa, limezaa. Je, mgeni alikaribishwa mezani?

La hasha. Reli ilipokwisha, Wachina walitawanyika kutafuta riziki. Walijenga kingo za kuzuia maji katika mabonde ya mito ya California, wakavuna matunda, wakashona viatu na kufua nguo za watu. Mwaka 1873 uchumi wa Marekani ulianguka na wengi wakakosa kazi. Matajiri walikuwa wakiwalipa Wachina kidogo, na badala ya wafanyakazi wa Kizungu kuungana nao kudai ujira mmoja kwa wote, wengi waliwageuka. Mwaka 1877 chama cha wafanyakazi kilizuka San Francisco, na wito wake mkuu ukawa kwamba Wachina sharti waondoke. Aliyepunguza ujira aliachwa, na aliyepunguziwa ndiye aliyepigwa.

Basi tazameni jinsi nyumba ilivyozuiwa. Mwaka 1875 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosemekana kuwa ya kuzuia wanawake walioletwa kwa ukahaba. Neno lenyewe lilisikika kuwa jema. Lakini katika utekelezaji, kila mwanamke wa Kichina aliyetaka kusafiri alihojiwa kana kwamba ni kahaba hata athibitishe kinyume chake, na wake wengi wa halali waliona ni heri kubaki kwao kuliko kudhalilishwa hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 1880 ilikuta Wachina zaidi ya 105,000 nchini Marekani, na kati yao wanawake hawakufika 5,000. Tena California ilizuia kutoa hati za ndoa baina ya Wazungu na Wachina. Mwanamume alikuwa hana njia ya kuleta mke wake, wala ya kuoa kwa jirani yake.

Baada ya kuwafungia mlango huo, watu wale wale walisimama majukwaani wakasema: watazameni Wachina hawa, hawana familia, wanalala wengi katika chumba kimoja, fedha zao wazipeleka kwao, hawana nia ya kukaa. Ndugu zangu, huku ni kumvunja mtu mguu, kisha ukamcheka kwamba anachechemea. Huko Guangdong, wake walibaki kulea watoto na kuwatunza wakwe kwa fedha zilizotumwa kutoka ng'ambo. Walikuwa kama wajane, na waume zao wangali hai.

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia sahihi sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie Marekani kwa miaka 10, na kukataza Mchina yeyote asipewe uraia. Mwaka 1888 sheria nyingine ilifuta hati za kurudi, na watu wapatao 20,000 waliokwenda kusalimia kwao wakiwa na hati halali mkononi wakajikuta nje ya mlango. Mwaka 1892 kizuizi kiliongezwa, na mwaka 1904 kikafanywa cha kudumu. Sheria ikiisha kusema kwamba jirani hafai, mkorofi huona amepewa ruhusa. Tarehe 2 Septemba 1885, katika Rock Springs, Wyoming, wachimba makaa ya mawe wa Kizungu waliwavamia wenzao Wachina, wakaua watu 28 na kuziteketeza nyumba zao kwa moto. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Hata hivyo tusidhani kwamba Wachina walikaa wakijikunyata. Mwaka 1884, mjini San Francisco, Mary Tape na mumewe Joseph walimpeleka binti yao Mamie, mwenye umri wa miaka 8, kuandikishwa katika shule ya karibu na nyumbani. Mary alifika Marekani mwaka 1868 akiwa mtoto, akalelewa na akina mama wa misheni. Joseph naye alikuja akiwa kijana mdogo. Mamie alizaliwa Marekani, alivaa kama wenzake na kusema Kiingereza kama wenzake. Mlango wa shule ulifungwa mbele yake kwa kuwa ni Mchina. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1885 wakashinda. Mamie alipokwenda tena shuleni, sababu mpya zikapatikana: hana cheti cha chanjo, na darasa limejaa. Wakati huo huo sheria ilitungwa upesi ili Wachina wajengewe shule ya peke yao. Mary aliiandikia halmashauri ya shule barua kali, ikatangazwa gazetini, akiwauliza kama ni aibu kuzaliwa Mchina, na kama wanaouita mwenendo wao kuwa wa Kikristo wanastahili jina hilo. Mwishowe Mamie alisoma katika shule hiyo ya kutengwa, kwani mama hakutaka mtoto akue bila elimu. Barua yake imebaki, na leo wanafunzi wa Marekani huisoma.

Mwaka 1886 madobi nao walipata ushindi. Mji wa San Francisco ulikuwa na sheria kwamba udobi katika jengo la mbao ni lazima uwe na kibali, kwa kuhofia moto. Wachina wapatao 200 waliomba, wote wakanyimwa. Wazungu wapatao 80 wenye majengo ya namna ile ile waliomba, na karibu wote wakapewa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua kwamba sheria inayoonekana nzuri katika karatasi hugeuka dhuluma ikitekelezwa kwa mkono usio sawa. Na mwaka 1898 mahakama hiyo hiyo ilimpa haki Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco na kuzuiwa bandarini aliporudi kutoka China, ikasema kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake hawawezi kupewa uraia huo.

Uamuzi huo ulifungua mlango usiotazamiwa. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi na moto viliangamiza sehemu kubwa ya San Francisco, na kumbukumbu za vizazi zikaungua. Wachina wengi walidai kwamba wamezaliwa hapo, na hakukuwa na daftari la kuwakanusha. Raia aliweza kuleta watoto wake; hivyo wengine walisajili watoto wasiokuwapo, na nafasi hizo zikauzwa kwa vijana wa majirani na jamaa. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi. Twaweza kuwalaumu kwa uongo, nao ulikuwa uongo. Lakini tuulize pia ni nani aliyeifunga njia ya kweli hata pasibaki nyingine.

Serikali ya Marekani ilijibu kwa maswali. Toka mwaka 1910 hadi 1940 wahamiaji wa Kichina waliofika San Francisco walizuiliwa katika Kisiwa cha Angel, na huko walihojiwa juu ya nyumba zao. Ngazi ya nyumba yenu ina vidato vingapi? Pipa la mchele hukaa upande gani? Kisima kiko wapi? Ni nani anayekaa nyumba ya tatu ya safu ya pili kijijini? Kisha baba au ndugu aliyekwisha kukaa Marekani aliulizwa maswali hayo hayo, na majibu yakalinganishwa. Jaribu wewe msomaji: una vidato vingapi mlangoni kwako, na je, mwanao atajibu kama wewe? Wana wa kweli walishindwa mtihani huo, na wana wa karatasi waliokariri usiku na mchana wakafaulu. Wengine walikaa pale majuma, wengine miezi mingi, wake kwa waume, wakiwa wametenganishwa. Kwa uchungu walichonga mashairi katika mbao za kuta. Mwaka 1970, jengo lilipokuwa karibu kubomolewa, maandishi hayo yaligunduliwa upya, na leo mahali hapo ni makumbusho.

Msomaji aweza kusema kwamba ndivyo ilivyo duniani, mwenyeji na mgeni hawapatani. Basi tuvuke mpaka twende nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini. Baina ya mwaka 1849 na 1874 Wachina wapatao 100,000 walipelekwa huko kwa mikataba ya miaka 8, wakatumikishwa katika mashamba ya miwa na pamba na katika visiwa vya kuchimba mbolea. Mateso yao yalikaribia utumwa, na mwaka 1909 palitokea ghasia dhidi yao mjini Lima. Peru nayo, basi, haina mikono misafi. Lakini Wachina wengi waliomaliza mikataba waliweza kuoa wanawake wa nchi hiyo, wakazaa nao, wakafungua vibanda vya chakula karibu na soko la Lima. Leo mikahawa ya namna hiyo huitwa chifa, neno litokalo katika Kichina lenye maana ya kula wali, nayo imejaa katika miji ya Peru. Tangawizi huko huitwa kion, nalo ni neno la Kichina. Nyama ya ng'ombe iliyokaangwa upesi kwa vitunguu na nyanya, ikapakuliwa kwa wali na viazi vya kukaanga, huitwa lomo saltado, na Mperu yeyote atakuambia ni chakula cha kwao. Ndoa na jiko vilifanya kazi ambayo sheria haikuifanya.

Marekani ilifuta sheria za kuwazuia Wachina tarehe 17 Desemba 1943, China ilipokuwa mshirika wake vitani, lakini ikawatengea nafasi 105 tu kwa mwaka. Baada ya vita wake walianza kuwafuata waume zao, na sheria ya mwaka 1965 ikaondoa mgao uliopimwa kwa asili ya mtu. Seneti mwaka 2011, na Baraza la Wawakilishi mwaka 2012, zilitamka rasmi masikitiko kwa yaliyotendwa. Waliotendewa walikuwa wamekwisha kufa. Miongoni mwa wajukuu wao wapo hata leo wanaobeba jina la ukoo lisilo lao, jina la karatasi alilolinunua babu.

Nami ni mtu wa ofisini, hula kwa kalamu na muhuri. Habari za kibali cha dobi na cheti cha chanjo cha Mamie zimenifikirisha kuliko zile za bunduki. Sisi tunaokaa nyuma ya meza twaweza kumdhulumu mtu bila kupaza sauti, kwa kumwambia tu kwamba karatasi moja imepungua, huku aliyemtangulia hakuulizwa karatasi hiyo. Dhuluma ya namna hii haitoi damu, na kwa hiyo humruhusu mwenye kuitenda kulala usingizi.

Nanyi wazazi mna ofisi yenu, nayo ni mazungumzo ya mezani. Mtoto akisikia kwamba watu wa nyumba ile “hawachanganyiki na watu”, ataamini. Kabla ya kulisema neno hilo, tujiulize: tumekwenda kuwajulia hali walipofiwa? Tuliwaita arusini? Binti yao alipokuja kucheza, alipewa kigoda akae, au alisimama mlangoni? Mara nyingi tutakuta kwamba hatukuwafungulia mlango, na kwamba kutochanganyika tunakowalaumu tumekufanya sisi.

Siku ya tatu mpe jembe, ndiyo. Lakini jioni anaporudi shambani, mwenye jembe apewe na sahani.

Hadi juma lijalo, kwa herini.